Albamu Mpya Si Deni Unaloidai Bendi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nairobi aliniandikia. Ametolewa kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa roki, kundi alilokaa miaka minne, na kisa ni The Car, albamu ya mwaka 2022 ya Arctic Monkeys, bendi ya roki ya Uingereza. Yeye anaipenda. Wenzake wanasema ni muziki wa kulia chakula hotelini, na wanauliza magitaa yameenda wapi. Alibishana nao siku mbili, siku ya tatu akaamka hayumo. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nifanyeje? Niseme siipendi ili wanirudishe?"

Dada, nimeusoma ujumbe wako mara nyingi kuliko unavyodhani. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu langu lina aibu ndani yake. Nimewahi kuwa admini wa namna hiyo. Mwaka 2018 nilimtoa mtu kwenye kundi kwa ajili ya bendi hiihii, na niliyemtoa alikuwa rafiki yangu.

Nilifika Sheffield kusoma mwezi wa tisa mwaka 2005, nikitokea Tanga. Nilipanga chumba karibu na Hunter's Bar, pale kwenye kiplefti ambacho bado kina nguzo za mawe za lango la zamani la ushuru. Wikendi nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja. Kijana wa kukata mboga alikuwa na CD ya kuchoma, haina jalada, imeandikwa juu kwa kalamu nene, na kila tukianza kazi lazima aiweke. Ilikuwa ya hao Arctic Monkeys, vijana wanne wa High Green, kitongoji cha kaskazini mwa mji uleule. Wamekuwa wakigawa nyimbo zao bure kwenye maonyesho, mashabiki wakazitupia kwenye intaneti, hata ikafika mahali ukumbi mzima unaimba maneno ya nyimbo ambazo hazijaingia dukani.

Mle ndani kuna wimbo unaomsema jamaa anayejifanya wa San Francisco ilhali kwao ni Hunter's Bar. Nilisimama na sufuria mkononi, maji ya moto yananichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nina miezi minne tu nchini, najulikana na mwenye nyumba na dereva wa basi, halafu mtu anakitaja kituo changu kwenye muziki! Tangu siku hiyo Kiingereza cha jikoni kilichokuwa kinanipiga chenga nikaanza kukielewa kupitia mwimbaji wao, Alex Turner. Mabaunsa mlangoni, foleni ya teksi saa nane usiku, ugomvi wa Ijumaa. Yote niliyokuwa nayapita kwa miguu nikirudi kulala yalikuwa mle.

Albamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 23 Januari 2006. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 360,000, na Uingereza haikuwa imewahi kuona bendi inauza albamu ya kwanza kwa kasi ile. Moja ya nakala hizo ni yangu, ninayo mpaka leo, plastiki ya kasha imepasuka kona ya chini kushoto.

Siku ileile, bila kujua, nilifungua daftari la madeni. Unajua lile daftari la duka la mtaani, fulani kachukua sukari, fulani kachukua unga? Nilimwandika Turner na wenzake mle. Wamenipa kitu, basi niliamini wataendelea kunipa kilekile kila baada ya miaka miwili. Albamu ya pili, mwaka 2007, ilikuwa na kasi na kelele, nikaandika: amelipa. Mwaka 2009 wakaenda jangwani California, wakarekodi sehemu kubwa ya albamu ya Humbug na Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age. Muziki ukawa mzito, wa polepole, una giza. Nikakasirika. Nikasema wamewasahau watu wa Sheffield, kana kwamba mimi wa Tanga ndiye msemaji wa Sheffield. Mwaka 2013 ikaja AM, ngoma nzito, gitaa linakokota kama gari la mchanga, Marekani nzima ikawajua, nami nikawasamehe.

Kilichonistua baadaye, nilipopitia meseji zangu za zamani, ni hiki: mwaka 2009 nililalamika kwamba Humbug si kama albamu ya kwanza. Mwaka 2013 niliandika kwamba AM ni nzuri lakini haina kina cha Humbug. Mwaka 2018 nikawa nalia kwa nini hawafanyi AM nyingine. Mtu mmoja, simu moja, na kipimo kinahama kila mara. Kila albamu niliyoitukana ilipofikisha miaka minne nikaigeuza kuwa fimbo ya kuipigia inayofuata. Dada, hao waliokutoa wachunguze. Nina hakika mwaka 2013 kuna waliosema AM imeuza roho, na leo ndiyo wanayoililia.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Tranquility Base Hotel & Casino ilitoka tarehe 11 Mei 2018, miaka karibu mitano baada ya AM. Hawakutoa hata wimbo mmoja wa kuitangulia, wakataka tuisikie yote kwa mkupuo. Turner alikuwa amezawadiwa piano ya Steinway alipotimiza miaka thelathini, akaanza kutungia hapo, na albamu nzima ikawa mtu yuko kwenye hoteli ya mwezini anaongea peke yake taratibu. Kundi letu lilikuwa na watu kumi na mmoja, Sheffield, Leicester, Dar, Nairobi, mmoja Muscat. Mimi ndiye niliyelianzisha. Niliisikiliza mara moja, tena kwenye basi, tena nyimbo tatu za mwisho nilizirusha. Kisha nikaandika hukumu ya aya sita.

Aliyenijibu alikuwa rafiki yangu wa Leicester, mtu wa Mombasa, mpole, si mtu wa kubishana. Akaandika tu: "Kaka, isikilize usiku, ukiwa peke yako." Nikamjibu kwamba anajifanya anaelewa ili aonekane. Akasema hajifanyi. Nikasema watu kama yeye ndio wanaoharibu bendi, wanapiga makofi hata bendi ikilala. Wengine wakacheka, na kile kicheko kikanipa nguvu. Akaandika mara ya tatu, sentensi moja: "Wewe unaimiliki hii bendi?" Nikabonyeza jina lake, nikabonyeza kutoa. Sekunde mbili.

Hatukuongea miaka mitatu. Tulikutana kwenye harusi Birmingham mwaka 2021, meza moja, hakuna pa kukimbilia. Akanieleza bila hasira. Mei ile ya 2018 alikuwa anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kulikuwa na mzee mmoja asiyelala. Alikuwa anakaa naye mpaka alfajiri, sikio moja lina spika ndogo, jingine linamsikiliza mzee. Albamu yenye kelele asingeweza kuisikiliza pale. Ile ya hoteli ya mwezini aliisikiliza kila usiku kwa wiki sita. "Ilikuwa inaongea kama yule mzee," aliniambia, "anaruka huku na kule, lakini ukitulia unamfuata." Halafu akaomba apitishiwe maji.

Nilirudi nyumbani nikaisikiliza usiku, peke yangu. Nikairudia kesho yake. Mara ya tano, saa saba za usiku, sikuwa tena natafuta gitaa la 2006. Nilisikia besi ya Nick O'Malley inavyotembea chini ya piano, nikasikia Matt Helders, mpiga drams ninayemjua kwa vurugu, anavyojizuia kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ile ni albamu kubwa. Nasema leo bila woga wa aya sita za mtu yeyote.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, sikilizeni mara tano. Usiihukumu albamu ambayo hujaisikiliza mara tano. Mwaka 2006 nilitoa pesa ya kuosha sahani jioni nzima kununua CD, kwa hiyo hata wimbo ulionichosha niliusikiliza mpaka ukanikubali. Siku hizi unalipa ada ya mwezi, una muziki wa dunia yote mfukoni, wimbo usipokushika ndani ya nusu dakika unaurusha. Bendi inabadilika, sawa, lakini na sikio letu limebadilika, tena limekuwa la haraka mno.

Tena tuache kulitumia neno indi kama fimbo. Kuna mtu kwenye kundi letu alisema Tranquility Base "si indi." Indi ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujitegemea. Asili yake ni nani anamiliki rekodi na nani ana sauti ya mwisho studio. Haikuanza kama jina la mlio wa gitaa. Arctic Monkeys wako na Domino, kampuni huru iliyoanzishwa London mwaka 1993, tangu albamu ya kwanza, na wameendelea nayo hata walipokuwa wanajaza viwanja. Bendi iliyojitegemea ikaamua kuweka piano pale tuliposubiri gitaa, hiyo ndiyo indi yenyewe! Mnataka watu huru halafu mnawapangia.

Na haya hayakuanza na bendi hii. Radiohead, bendi nyingine ya Uingereza, walipotoa Kid A mwezi wa kumi mwaka 2000, watu waliokuwa wameifanya OK Computer, albamu iliyotangulia, Biblia yao walihisi wameibiwa. Gitaa limefichwa, sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke imekatwakatwa kwa mashine, hakuna wimbo wa kuuzia albamu. Baadhi ya wahakiki wa Uingereza waliirarua vipande. Muongo ulipoisha, jarida la Rolling Stone, tovuti ya Pitchfork na gazeti la The Times wote waliiweka namba moja kati ya albamu za miaka ile kumi. Sisemi kila albamu ya ajabu itageuka kuwa dhahabu. Zipo zinazobaki mbovu mpaka mwisho, na ukisikiliza mara tano ukaona mbovu, sema mbovu. Ila wengi wetu tunahukumu mara ya kwanza, na mara ya kwanza hatusikilizi albamu, tunatafuta ile ya zamani ndani yake.

Marehemu baba aliijua siri hii kabla yangu. Alikuwa mtu wa Msondo, mtindo wa bendi ya Juwata. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alipotoka Juwata kwenda Mlimani Park, kule kwenye mtindo wa Sikinde, baba alinuna. Alipohamia Safari Sound na mtindo wa Ndekule, baba alinuna tena, lakini alikwenda ukumbini kusikia. Wakati ule bendi haikuona haya kubadili mtindo. Iliutangaza, mtindo una jina lake, na shabiki anakwenda na miguu yake kuuona kabla ya kufungua mdomo. Baadaye Gurumo akarudi Msondo. Nilimuuliza baba kama alifurahi kwamba hatimaye Gurumo kamsikiliza. Akasema: "Gurumo hakuniomba ruhusa kuondoka, wala hakuniomba kurudi. Mimi kazi yangu kiingilio." Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikaona ni maneno ya mzee aliyechoka. Laiti ningeyashika, nisingempoteza rafiki miaka mitatu.

Kwa hiyo dada, swali lako. Usiseme huipendi. Ukisema uongo kuhusu muziki unaoupenda, hata ukirudishwa utakaa mle kama mgeni, utacheka wanapocheka na utapima kila neno. Na usiwaombe wakurudishe. Mwandikie mmoja, yule unayemwamini zaidi, mwambie sababu yako halisi: ulikuwa wapi ulipoisikia, ilikushika wapi. Mimi sikuwahi kumuuliza mwenzangu swali hilo. Nilijua anapenda nini, sikujua kwa nini, na aya zangu sita hazikuwa na alama hata moja ya kuuliza. Mwenye mapenzi ya kweli na muziki atakusikiliza. Asiyetaka, mwache na daftari lake. Na wewe pia, sikiliza AM yao mara tano, usije ukawa unawafanyia wanachokufanyia.

Juni 2023 Arctic Monkeys walikuja kupiga nyumbani Sheffield, Hillsborough Park, siku mbili. Nilimnunulia rafiki yangu tiketi. Alikuja, akasimama pembeni yangu na koti lake la mvua ingawa hakukuwa na mvua. Nyimbo za The Car zilipoanza, vijana wa umri wa miaka kumi na saba mbele yetu, ambao mwaka 2006 walikuwa ndio wanazaliwa, waliziimba neno kwa neno. Nilimtazama. Hakusema "nilikwambia." Alikuwa anaimba naye.

Lakini hatujawahi kurudi kuwa kama zamani, na hilo linaniuma. Tunasalimiana, sikukuu tunatumiana salamu, muziki hatuuzungumzi isipokuwa nianze mimi. Kwenye kundi hakurudi, ingawa nilimrudishia mlango. Mwaka jana nilimpelekea kwa posta santuri ya Tranquility Base. Akanijibu: "Asante, kaka. Sijaifungua. Tutaisikiliza ukija."

Kutoka Sheffield hadi Leicester ni kama saa moja kwa treni, na sikuwa nimekwenda. Kazi, watoto, reli imeharibika, sababu hazikosekani. Ujumbe wako, dada, ndio ulionifanya nifungue simu nikate tiketi. Ni ya Jumamosi hii, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na nimemwambia aandae chai.