Hagler hakujificha

Kaka, hapo kwa Marvin Hagler, bingwa wa ndondi wa uzito wa kati miaka ya 1980, umeteleza. Unasema bondia asiyepanda uzito hajathibitisha kitu, kwamba yeye alijificha kwenye uzito wa kati. Mbona wenzake ndio waliopanda kumfuata? Duran alitokea uzito mwepesi kabisa, akapigwa kwa pointi 1983. Hearns alizimwa raundi ya tatu 1985. Mwaka uliofuata akaja jirani yetu Mugabi wa Uganda, mapambano 25 na wapinzani wote aliwamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Naye akaishia raundi ya 11.

Halafu kupanda kwenyewe wakati ule si mchezo. Mikanda ya ubingwa ya uzito wa kati wa juu, daraja linalofuata, ilianza 1984 tu. Kabla ya hapo, kutoka kilo 72 na nusu za uzito wa kati ulikuwa unaruka hadi 79 na ushee, ukutane na bingwa wa huko, Michael Spinks. Hapa kijiweni Majengo tunabeba magunia kila siku, tunajua kilo saba zinavyouma, sembuse zikiwa kwenye ngumi ya mwenzio!

Pacquiao wa Ufilipino kupanda na kutwaa mikanda ya madaraja nane ya uzito ni maajabu, sibishi. Lakini Roy Jones wa Marekani naye alipanda, akamshinda bingwa Ruiz wa uzito wa juu 2003, akashuka tena. Mwaka uliofuata bondia Tarver akamlaza raundi ya pili. Wengi wanaamini ule mwili uliojengwa na kubomolewa haukurudi sawa, na mimi ni mmoja wao.