Beki wa gongo la kushoto acheze upande gani? Maswali na majibu

Wiki hii nimewaachia nafasi wazazi wa mabeki. Barua zimekuja nyingi kutoka kwa watu wetu walioko Canada na Marekani, ambao watoto wao wameupenda mchezo wa hoki ya barafu, ambao sisi wazazi tumeujulia ukubwani, tumekaa kwenye mabenchi ya baridi na chai ya chupa mkononi. Kwanza tuelewane kwenye maneno. Paki ni kile kisahani cheusi cha mpira. Bapa ni ile sehemu pana ya gongo, yaani fimbo ya kuchezea, inayogusa barafu. Ina uso na ina mgongo. Mbao ni uzio unaozunguka kiwanja. Na nikisema mtoto “anashika kushoto”, maana yangu ni kwamba mkono wa kushoto ndio uko chini kwenye gongo, na bapa linakaa kushoto kwake.

Mwanangu ana miaka 11, ni beki, anashika kushoto. Kocha wa mwaka jana alimchezesha kushoto. Wa mwaka huu kamhamishia kulia, na mtoto amepoteza raha kabisa. Kocha yupi yuko sahihi?
*Baba wa beki, Calgary*

Baba, chukua fagio ulishike kama mwanao anavyoshika gongo, kisha simama na ukuta ubavuni mwako wa kulia. Sasa jifanye uko kwenye mstari wa buluu, pale eneo la wapinzani linapoanzia, unatazama goli la wapinzani, na paki inakuja kwa kasi ikisugua ukuta. Bapa lako liko wapi? Liko kushoto, upande usio na ukuta. Kuizuia paki hiyo itabidi upindishe kiwiliwili na kuidaka kwa mgongo wa bapa, huku winga wa timu pinzani ameshakukaribia. Ikikupita, nyuma yako hakuna mtu ila mwenzako mmoja na golikipa.

Ukiweka ukuta kushoto, mambo ni mepesi. Bapa limelala pale pale mbaoni, paki inagonga uso wake, unairudisha golini.

Nyuma kwenu hali ni hiyo hiyo. Beki anayeshika kushoto akichezea kulia ataiokota paki konani vizuri tu, lakini akigeuka ili ampe winga wake aliyebana ukutani, pasi hiyo inabidi ipigwe kwa mgongo wa bapa. La sivyo ageukie katikati, ambako ndiko wapinzani wamejaa. Mtoto wa miaka 11 mwenye mgongo wa bapa ulio dhaifu atachagua katikati, atanyang'anywa, na jukwaani kuna mzazi atakayepiga kelele. Raha itoke wapi?

Kuna na jambo la tatu ambalo wazazi wengi hawalioni. Beki anaporudi kinyumenyume akimkabili mshambuliaji, gongo hulishika kwa mkono mmoja, ule wa juu. Kwa mwanao ni wa kulia. Akiwa upande wa kushoto wa kiwanja, mkono huo uko ndani, kwa hiyo gongo linaziba njia ya katikati na mwili unamsukuma mtu kwenye mbao. Akihamia kulia, gongo linaelekea nje na katikati panabaki wazi, mpaka miguu ifanye kazi ambayo gongo lingeifanya.

Kwa hiyo mimi niko na kocha wa mwaka jana. Lakini usimwendee huyu wa sasa kwa shari. Muulize tu, “Kocha, una mabeki wangapi wanaoshika kulia?” Nadhani atakujibu hana, au anaye mmoja. Canada wachezaji wengi hushika kushoto, na timu ikiwa na mabeki sita wa kushoto lazima watatu wahamie ng'ambo. Likiwa hilo ndilo tatizo, ombeni zamu: mechi hii kulia, ijayo kushoto, na dakika kumi za mazoezi ya mgongo wa bapa ukutani. Mtoto akijua kwamba ni zamu na si adhabu, uso wake utabadilika.

Umesema upande wa pili ni taabu. Mbona Miro Heiskanen anashika kushoto na Dallas wamemchezesha kulia miaka na miaka, na bado ni mmoja wa mabeki bora duniani?
*Shabiki, Texas*

Nilijua utakuja, ndugu yangu. Kila nikiandika habari za pande, kuna mtu wa Dallas mlangoni.

Heiskanen alizaliwa Espoo, Finland, mwaka 1999, akakulia kwenye barafu ya kwao na kuichezea timu ya HIFK ya Helsinki. Mwaka 2017 Dallas walimchukua nafasi ya tatu kwenye uteuzi wa chipukizi wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Canada na Marekani. Aliyemfuata mara moja, nafasi ya nne, alikuwa Cale Makar, aliyekwenda Colorado. Makar anashika kulia, anacheza kulia, na hakuna aliyewahi kujiuliza aende wapi. Heiskanen yeye alikuta timu yenye washika kushoto wazuri. Esa Lindell yumo, baadaye akaja Thomas Harley. Mtu mmoja lazima avuke, na katika nyumba yoyote mzigo hupewa mwenye mabega.

Anaumudu kwa sababu ya miguu. Huyu kijana anateleza kinyumenyume kwa kasi ambayo wengine hawaifikii wakienda mbele. Ile katikati inayobaki wazi niliyomweleza Baba wa Calgary, Heiskanen anaiziba kwa kufika mapema. Na kuvuka kuna faida zake, lazima niseme haki. Akiwa kulia, bapa lake linatazama katikati ya kiwanja. Mwenzake wa kushoto akimpa pasi, inamfikia kwenye uso wa bapa huku kifua chake kikiwa wazi kuona uwanja wote. Anaweza kuipiga moja kwa moja bila kuituliza, na shuti linatokea mahali pazuri zaidi kwa goli. Wapenzi wa soka mnalijua hili bila kuambiwa. Mohamed Salah anatumia mguu wa kushoto na anacheza kulia, na magolikipa wanajua anachotaka kufanya lakini anafanya tu. Hata Bobby Orr, ambaye wazee wa Boston wakimtaja huvua kofia, alishika kushoto na kucheza beki ya kulia.

Tofauti na Salah ni kwamba winga akikosea, timu inapoteza mpira. Beki akikosea, mnaokota paki nyavuni.

Ukiniuliza mimi, Heiskanen mtamu zaidi ni wa kushoto. Namkumbuka majira ya 2020, yale mashindano yaliyochezwa Edmonton bila watazamaji kwa sababu ya korona. Kijana wa miaka 21 alipata pointi 26, yaani magoli na pasi za magoli, katika mechi 27, Dallas wakafika fainali na kufungwa na Tampa Bay. Lakini kocha hachagui upande unaompendeza mwandishi. Anachagua upande ambao timu nzima inasimama vizuri, na nikipewa kalamu na orodha ile ile, huenda ningemvusha vilevile na kuomba radhi moyoni.

Binti yangu wa miaka sita anaandika kwa mkono wa kulia, lakini gongo anashika kushoto. Jirani ananiambia nimbadilishe mapema kabla hajazoea vibaya. Nifanyeje?
*Mama, Minneapolis*

Mama, muache. Jirani anafikiria kalamu.

Kwenye gongo, mkono wa juu ndio usukani. Ndio unaozungusha bapa, na ndio unaobaki peke yake pale beki anaponyoosha gongo kunyang'anya paki. Wa chini unasukuma na kutia nguvu. Kwa hiyo mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia na kuuweka juu hajakosea kitu. Ndiyo maana Canada, nchi ambayo watu wengi ni wa mkono wa kulia kama kwingine kote, imejaa wachezaji wanaoshika kushoto. Huko Marekani utawakuta wanaoshika kulia wengi zaidi, na wao pia mambo yanawaendea.

Ukitaka kuhakikisha, theluji ikianguka mpe koleo dogo uone. Usimwelekeze. Au mpe fagio la mti mrefu, hata jembe mkienda nyumbani likizo. Mkono utakaoshuka chini wenyewe mara tatu mfululizo ndio wake. Kisha nunua gongo la upande huo, na usinunue refu kwa matumaini kwamba “atalikulia” kama sare ya shule. Akiwa amevaa viatu vya barafu, gongo limfike kidevuni. Likizidi hapo, paki itakuwa mbali na miguu yake na hatajifunza kuisikia.

Ni kweli kwamba mabeki wanaoshika kulia wanatafutwa sana? Kama ni hivyo si afadhali nimfundishe mdogo wake ashike kulia tangu sasa?
*Mama huyo huyo, Minneapolis*

Ni kweli wanatafutwa, kwa sababu ni wachache. La pili, hapana. Utapata mshika kulia mbovu mahali ambapo ungepata mshika kushoto mzuri.

Kijana wangu ana miaka 13. Mwaka huu timu ya juu imemkata, wakasema ni mdogo wa mwili na beki anahitaji umbo. Anataka kuacha, au ahamie winga. Ukweli ni upi?
*Baba, Edmonton*

Pole, baba. Wa kwangu pia aliwahi kukatwa. Tulirudi nyumbani dakika 40 garini bila neno, begi lake likinuka siti ya nyuma, na nilipozima injini akasema tu, “Baba, usimwambie bibi.” Kwa hiyo sikuandikii kutoka mbali.

Umri huo ni mgumu kwa sababu maalumu. Canada wameruhusu kugongana miili kuanzia kundi la chini ya miaka 15, na kundi hilo huanza na watoto wa miaka 13. Mmoja ameshaota ndevu, mwingine sauti bado ya mtoto, na wote wawili wanakimbilia paki moja konani. Makocha wanaona kilo. Ni rahisi kuona kilo. Kinachochelewa kuonekana ni jicho, yaani kujua winga anaenda wapi kabla hajaenda, na hilo ndilo linalomfanya mtu beki.

Beki huiva taratibu kuliko mshambuliaji. Makar, niliyemtaja hapo juu, alicheza kwenye mji mdogo wa Brooks, Alberta, katika ligi ya vijana isiyo ya daraja la kwanza, kisha akakaa miaka miwili Chuo Kikuu cha Massachusetts hata baada ya kuchaguliwa nafasi ya nne. Colorado walimpandisha Aprili 2019 katikati ya mechi za mtoano, dhidi ya Calgary, mji aliozaliwa, na usiku huo huo akafunga goli. Mark Giordano hakuchaguliwa na timu yoyote. Alipita mpaka Moscow kutafuta riziki ya hoki. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya Norris, ya beki bora wa NHL, akiwa na miaka 35.

Kuhusu umbo, mwonyeshe Lane Hutson wa Montreal. Ana kama sentimita 175, na kwa beki hiyo ni fupi kwelikweli. Kwenye uteuzi wa 2022 alisubiri mpaka wa 62 kuitwa jina. Msimu wake wa kwanza kamili, 2024–25, akatoa pasi 60 za magoli na kuifikia rekodi ya beki wa msimu wa kwanza iliyowekwa na Larry Murphy msimu wa 1980–81, kisha akabeba tuzo ya Calder ya mchezaji mpya bora. Tazameni pamoja anavyokwepa kugongwa. Mabega yanadanganya kulia, miguu inaenda kushoto, na jitu la kilo mia linakumbatia mbao peke yake.

Sikuahidi kwamba wako atakuwa Hutson. Nasema asihamie winga kwa sababu ya kilo. Daraja la chini atapata dakika nyingi barafuni, na beki hujifunza kwa dakika. Akitaka kuhamia winga kwa sababu anapenda kufunga, hilo ni jambo jingine, mwache.

Hapa Nairobi kiwanja chetu ni kidogo. Mambo ya upande wa kulia na kushoto yana maana kwetu, au ni anasa ya watu wa Canada?
*Msomaji, Nairobi*

Yana maana, ila sura yake ni tofauti. Kiwanja cha NHL kina urefu wa karibu mita 61 na upana wa 26. Pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, palipokuwa na barafu tangu 2005, huna nafasi hiyo. Ukigeuka tu mbao zimekufikia, na mpinzani naye kafika. Hilo si baya kwa beki. Anayejifunzia mahali pa kubanana analazimika kutumia mgongo wa bapa mapema na kuamua haraka. Atakachokosa ni ile kazi ya kurudi kinyumenyume masafa marefu akimkabili mtu mwenye kasi, na hiyo mnaweza kuifanyia mazoezi kwa viatu vya magurudumu kwenye lami. Wale vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, walioalikwa Canada 2018 wakacheza na nyota wa NHL akina Sidney Crosby hawakuanzia pengine ila hapo hapo. Kenya sasa imo katika shirikisho la dunia, tangu 2024, kwa hiyo mabeki watahitajika, wa kulia na wa kushoto.

Nipe zoezi moja tu la nyumbani kwa beki anayechezea upande usio wake.
*Kaka wa beki, Toronto*

Mpira wa tenisi na ukuta. Asimame ubavu kwa ukuta, upande ule unaomsumbua, nawe simama mbele yake hatua kumi ukimviringishia mpira ukisugua ukuta. Aupokee kwa mgongo wa bapa na kukurudishia kwa mgongo huo huo bila kuugeuza, mara hamsini, kisha aingie ndani kula. Wiki mbili za kwanza mpira utampita sana. Kama mnatumia gereji kama sisi, ondoeni gari kwanza. Langu lina kovu juu ya taa ya nyuma, na aliyeliweka anasema ni mvua ya mawe.