Binti anataka kusomea chimbuko la binadamu

Mama Mwanaidi, usimkatishe tamaa mtoto. Umeuliza kama binti wa kidato cha nne hapo Ngamiani, Tanga, akisomea chimbuko la binadamu atapata kazi, au ataishia kuokota mifupa tu. Kuokota mifupa ndiyo kazi yenyewe, na inataka jicho. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba, aliona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti, rangi moja na kokoto zilizokizunguka. Wengine tungekikanyaga tukapita. Wakachimba, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita!

Kidato cha tano achukue CBG (kemia, biolojia na jiografia), biolojia itambeba sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha akiolojia, na watafiti wake walikuwa kwenye timu iliyotangaza nyayo mpya za mababu wa binadamu huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 2016. Ila nisikufiche, shahada ya kwanza haitoshi. Utafiti unadai uzamili na uzamivu, na fedha za kuchimba huja kwa msimu. Wengi hushikilia kazi ya makumbusho au ualimu huku wakisoma.

Likizo hii mpeleke mapango ya Amboni, si mbali. Asimame mle pangoni atazame maji yalivyoula mwamba, aulize imechukua muda gani. Akirudi na maswali kumi, mtafutie nauli ya kwenda Makumbusho ya Taifa, Dar.