Maswali ya wasomaji: ukilala kwenye jumba la kale unalipia nini hasa?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu yale majumba ya zamani yanayogeuzwa hoteli za kifahari, nikadhani yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi na yanayofanana nimeyaunganisha. Ya bei nimeyaacha, manake bei za hoteli hizi zinabadilika kila kukicha na mimi si wakala.

SWALI: Mambo vipi. Naona hoteli nyingi zinajitangaza "jumba la kihistoria", "kasri la karne ya 18", na picha ni nzuri balaa. Sasa nitajuaje kama kweli nitalala ndani ya hilo kasri, nisije nikawekwa ghorofa jipya la uani halafu kasri naliona tu nikipita kwenda kunywa chai? – *Mgeni Mtarajiwa*

JIBU: Hapo ndo wengi wanaingizwa mjini ndugu yangu. Kabla hujauliza habari za bafu wala bwawa, uliza kwanza chumba changu kipo jengo lipi, na jibu ulipate kwa maandishi.

Angalia Liberty Hotel ya Boston, Marekani. Lile lilikuwa gereza la Charles Street la mwaka 1851, mawe ya granaiti, umbo la msalaba, na katikati kuna ukumbi wa pembe nane uliopanda juu mpaka shingo inauma ukitazama. Hoteli ina vyumba karibu 300 lakini vilivyomo ndani ya gereza lenyewe ni 18 tu, vingine vyote vipo kwenye mnara mpya uliojengwa ubavuni. Na hiyo afadhali. TWA Hotel ya New York, kwenye uwanja wa ndege wa JFK, vyumba ni 512 na hakuna hata kimoja kwenye jengo la kale! Lile jengo maarufu la abiria alilolichora msanifu Eero Saarinen, lililofunguliwa 1962, sasa ni lobi na baa na sehemu za kukaa, vitanda vyote viko kwenye mabawa mawili mapya nyuma yake, hoteli ikafunguliwa 2019.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi ni utapeli. Ule ukumbi wa Saarinen umepinda kila upande kama sehemu ya ndani ya kombe la baharini, ukianza kuukatakata uwe vyumba vya kulala umeshaua kitu chote, kwa hiyo kuweka vitanda nje ndo kuliokoa jengo. Ila wewe unayelipa unatakiwa ujue.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawauliziagi. Unaweza kulala ndani ya kuta za kale kabisa na bado kila unachokiona ni cha juzi. Kasri la Çırağan la Istanbul lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Abdülaziz, likaungua 1910 zikabaki kuta za nje, likakaa gofu miaka mingi sana, likaja kufunguliwa kama hoteli 1991. Hiyo dari inayong'aa unayoipiga picha si ya sultani. Ni kazi nzuri ya mafundi, sikatai, lakini si ya sultani.

Mbinu yangu mimi ni kuangalia picha za vyumba vya kawaida, zile za suiti ya rais nazipita. Tazama dirisha. Kama ukuta ni wa zamani kweli, kati ya kioo na upande wa ndani kuna kina, mtu anaweza kukaa pale akanywa kahawa. Tazama pia kama vyumba vyote vina ukubwa sawasawa, ramani ileile, kitanda upande uleule, manake jengo la kale halinaga vyumba mapacha hata siku moja.

SWALI: Kwa nini kila jengo zuri la zamani linaishia kuwa la matajiri? Kwa nini lisiwe shule, maktaba, makumbusho? Naona kama historia yetu sote inauzwa kwa wachache. – *Mlipa Kodi*

JIBU: Nakuelewa kabisa hasira yako, na nusu yake ninayo. Lakini nikwambie kinachoua majengo haya: ni paa. Jengo likikaa tupu hakuna anayepanda kuzibua mfereji wa maji, jani linaziba, maji yanajaa yanaingia juu ya ukuta, boriti inaoza upande wa ndani ambako huoni, miaka michache tu dari iko chini. Makumbusho yanategemea bajeti ya serikali na bajeti ikikatwa paa ndo la kwanza kusahauliwa. Hoteli inaingiza hela kila usiku na isipoziba lile tundu mgeni anaondoka, yaani mwenye mali analazimika.

India ndo utaona vizuri. Rambagh Palace ya Jaipur iligeuzwa hoteli 1957 na maharaja (mfalme wa huko) mwenyewe, na lile kasri jeupe la Udaipur lililojengwa katikati ya ziwa Pichola miaka ya 1740 likawa hoteli 1963. Kisha 1971 serikali ikafuta posho zilizokuwa zinalipwa kwa familia za kifalme, sasa hapo una kasri lenye vyumba mia na watumishi kibao na mshahara hakuna, utafanyaje? Umaid Bhawan ya Jodhpur, iliyokamilika 1943, wamegawa mara tatu, sehemu ni hoteli, sehemu makumbusho, sehemu familia bado inaishi. Mimi huo mgawanyo naupenda.

Na si lazima awe mtu binafsi. Hispania serikali yenyewe ndo mwenye hoteli, kampuni inaitwa Paradores, ya kwanza ilifunguliwa milima ya Gredos 1928, na ya kwanza ndani ya ngome ya kale ni ya Oropesa, 1930. Kule Santiago de Compostela ile ya kifahari kabisa ilianza kama hospitali ya mahujaji, wakaagiza ijengwe mfalme Ferdinand na malkia Isabella 1499, wasafiri waliochoka wakawa wanapokelewa pale, kwa hiyo kugeuzwa hoteli 1954 wala si mbali na kazi yake ya mwanzo (ingawa najua hujaji wa wakati ule hakuulizwa kadi ya benki).

Sheria nazo zinasukuma. Marekani ukikarabati jengo lililo kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria unarudishiwa kwenye kodi asilimia 20 ya gharama, mradi kazi ikaguliwe na ifuate viwango vyao. Ila jengo lazima liwe la kuingiza kipato. Ukilikarabati ili ukae wewe na watoto, kwenye huo mpango wa taifa hupati kitu. Usishangae basi majengo yanakimbilia biashara.

Inayoniuma ni ya London, ile ofisi kuu ya zamani ya wizara ya vita ya Uingereza pale Whitehall, iliyokamilika 1906. Ilikodishwa kwa miaka 250, kwa zaidi ya pauni milioni 350, na 2023 ikafunguliwa ikiwa na vyumba 120 vya hoteli na makazi binafsi 85. Miaka 250 jamani! Huo ni ukodishaji au ni kuuza kwa aibu? Lakini hata hapo nijibishane na nafsi yangu: raia wa kawaida enzi zile aliwahi kuruhusiwa kuzurura kwenye wizara ya vita? Leo angalau anaingia mgahawani. Ninachotaka mimi ni kitu kidogo tu kiandikwe kwenye mkataba kabla ya saini, kwamba ua, ngazi kuu na ukumbi mkubwa viwe wazi kwa watu siku kadhaa za mwaka bila kununua kitu. Ikiachwa kwa hisani ya meneja haitadumu, meneja wanabadilika.

SWALI: Mimi suala la magereza linanishinda. Watu waliteseka pale, leo mtu anakunywa kokteli selo. Hivi hawaoni haya? – *Sina Raha*

JIBU: Inategemea wanavyofanya dada yangu. Hoteli ya Four Seasons ya Sultanahmet, Istanbul, iliyofunguliwa 1996, lilikuwa gereza lililojengwa mwishoni mwa utawala wa Osmani (dola ya zamani ya masultani wa Kituruki), na kati ya waliopitia mle ni waandishi, Nâzım Hikmet, Orhan Kemal, Aziz Nesin. Hilo la Boston nililolitaja juu, mwaka 1973 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba hali ya mle ndani inavunja haki za kikatiba za wafungwa, na bado halikufungwa mpaka 1990. Halafu hoteli ilipofunguliwa 2007 baa ikapewa jina Alibi (ushahidi kwamba mshtakiwa hakuwepo kwenye tukio) na mgahawa ukaitwa Clink (Kiingereza cha mtaani, maana yake jela), mambo ya jela jela hivi, ya kuchekesha mteja.

Kitanda hakinisumbui. Utani ndo unanisumbua, kwa sababu waliofungwa miaka ya 80 wengi bado wako hai na wanapita nje ya hilo jengo. Ukiweka maelezo ukutani yanayosomeka, nani alifungwa, kwa nini, mahakama ilisema nini, nitalala. Ukiniletea bili ndani ya pingu za plastiki nahama.

Kiufundi lakini gereza ni mtihani. Selo moja haitoshi chumba cha nyota tano hata ufanyeje, kwa hiyo kwenye lile gereza la Oxford, Uingereza, lililofungwa 1996, selo tatu zimeunganishwa kuwa chumba kimoja, mbili za kulala na moja bafu. Kadirisha kako juu kulekule, hakakuwekwa ili mtu aone mandhari. Wakikapanua sana gereza linapotea, wakikaacha mgeni analalamika giza.

SWALI: Nililala hoteli ya jumba la kale nikajuta. Lifti hamna, bafu kama kabati, mtandao unashika ukiwa koridoni tu, na wa juu yangu akitembea nasikia kila hatua. Hela yote ile! – *Nimekoma*

JIBU: Pole sana. Ukuta wa mawe mnene unakula mawimbi ya mtandao, hiyo ni tabia yake, inatakiwa wavute waya mpaka karibu na kila chumba na wengine wanabana matumizi. Sakafu ya mbao juu ya boriti inapiga kelele usipoiwekea kitu cha kuzuia sauti katikati. Chumba cha ghorofa ya mwisho hakina mtu juu, omba hicho, ukikumbuka lifti hamna.

Ya mabomba ni kisa kirefu kidogo. Hoteli ya stesheni ya St Pancras, London, ilifunguliwa 1873, fahari tupu, ila vyumba havikuwa na mabafu yake. Wageni walipoanza kudai bafu la chumbani, ule ujenzi wa sakafu za kuzuia moto waliojivunia ukawa adui, kupitisha mabomba ilikuwa shughuli pevu na ghali, hoteli ikafungwa 1935 ikawa ofisi za reli. Miaka ya 60 ikanusurika kubomolewa, 1967 ikawekwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi, na 2011 ikarudi kuwa hoteli. Na vyumba vingi vya kawaida viko bawa jipya, kwa hiyo rudi ukasome jibu la kwanza.

SWALI: Familia yetu ina jumba la zamani sana, limechoka. Mwekezaji anasema atalikarabati liwe hoteli na "atalirudisha lilivyokuwa". Wazee wanataka kusaini. Unatushauri nini? – *Mjukuu*

JIBU: Muulizeni, lilivyokuwa lini? Jumba la zamani limeongezwa chumba huku, limezibwa mlango kule, kila kizazi kimeweka mkono wake. Akisema "mwanzo kabisa" maana yake ana mpango wa kubomoa vya katikati. Ule Mkataba wa Venice wa 1964, ambao watu wa uhifadhi duniani wanaufuata, unataka kipande kipya kikae vizuri na cha kale lakini kitofautike, mtu asidanganywe. Kule Bouro, Ureno, msanifu Eduardo Souto de Moura alipewa monasteri iliyobaki gofu aifanye hoteli, ikakamilika 1997, na hakurudisha paa la vigae, akaweka paa bapa lenye majani juu. Wengine walichukia. Mimi naona alikuwa mkweli kuliko wengi.

Kodisheni, msiuze. Kabla ya saini pigeni picha kila ukuta, kila mlango, kila nakshi, na hizo picha ziwe sehemu ya mkataba, na iandikwe kitakachobaki kwenu siku mwekezaji akiondoka au akifilisika katikati ya kazi.

Na angalieni chokaa. Kuta za mawe za zamani zilijengwa kwa chokaa, inavuta unyevu na kuuachia. Ukipiga simenti juu yake unyevu unakosa pa kutokea, unabaki ndani ya jiwe, chumvi inatoka, rangi inavimba, plasta inaanguka, jiwe lenyewe linameguka, na itaonekana baada ya miaka michache wakati fundi ameshalipwa ameenda zake. Kwa hiyo mkiona mifuko ya simenti inashushwa wiki ya kwanza, simamisheni kazi siku hiyohiyo mpaka mhandisi anayejua majengo ya kale aje auone ukuta.