Jiko la mkaa chumbani usiku

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Tuko Njombe, chumba kimoja cha kupanga: mimi, mume wangu na mtoto wa miezi saba. Baridi ya mwezi huu imetuzidi. Usiku naingiza jiko la mkaa likishakolea na moshi kuisha, nafunga dirisha, chini ya mlango naziba kwa kanga kuukuu. Jirani kanishauri niweke na beseni la maji livute hewa mbaya. Lakini mara mbili tumeamka vichwa vinagonga na kichefuchefu. Tukitoka nje, tunapata nafuu. Ni baridi au mkaa?
Mama Kichanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa unavyoeleza, ni mkaa. Leo usiku jiko libaki nje.

Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu huchukua nafasi ya oksijeni, na huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Maji hayaivuti. Jirani yako ana nia njema, ila beseni litakupa moyo wa kulala, na hapo ndipo ninapoogopa.

Julai moja nikiwa zamu ya usiku, alfajiri waliletwa mume na mke. Mke alishtuka usingizini kichwa kikimuuma, akataka kufungua mlango, miguu ikakataa. Akatambaa. Wenzake waliompitia kwenda sokoni walivunja mlango, wakamkuta ameshika lile tambara aliloziba mwenyewe. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kilisoma asilimia 98, kama mtu mzima wa afya, maana hakitofautishi sumu hii na oksijeni. Kilichotushtua ni neno la jirani mmoja: "Walilala na jiko." Waliwekwa oksijeni, wakapona.

Basi nawe kesho mpeleke mtoto hospitali, nanyi mpimwe, na useme neno hilohilo mlangoni. Usisubiri waulize.

Kuota moto, oteni nje. Usiliamini jiko hata likifunikwa majivu, wala dirisha lililoachwa wazi kidogo. Kitanda kipashe kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, uitoe kabla hujamlaza mtoto. Mvalishe soksi na kofia ukiwa naye macho. Akilala, kofia ivue. Na ile kanga ichomoe mlangoni leo hii.