Kama kiwanda kinatoa transista mabilioni, kwa nini kyubiti milioni moja zinashindikana?

SWALI: Shikamoo injinia. Nasoma uhandisi wa mawasiliano hapa UDOM, jioni natengeneza simu sokoni Majengo ili maisha yaende. Prosesa ya simu ina transista mabilioni, na nasikia kuna kompyuta za kwantamu zinazotengenezwa kwa silikoni hiyohiyo na mashine hizohizo. Sasa mbona Intel walitoa chipu ya kyubiti 12 tu, tena ikawa habari? Si wachape milioni moja wamalize? Afu hii heliamu yetu ya Rukwa ndo hiyo wanayopozea? Na mtu wa Dodoma akitaka kuingia huku aanzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe halafu maelezo yafuate: kuchapa vijumba vya kyubiti (kyubiti ni biti ya kompyuta ya kwantamu, kijumba ni pale inapokaa) kwa maelfu kiwanda kinaweza, shida iko kwenye kuzifikia. Wewe fundi unalijua hili bila mimi kukwambia, ukigeuza prosesa ya simu unakuta bola za kusoda mia kadhaa, pengine elfu na ushee, lakini ndani kuna transista mabilioni. Hakuna transista yenye waya wake wa kutoka nje, kuna saketi humohumo ndani inayochagua nani awake na nani azime. Kyubiti ya silikoni ya leo haijafika huko. Karibu kila moja inataka nyaya zake kutoka nje, huu wa volteji ya kushikilia elektroni isitoroke, huu wa kufungua na kufunga mlango kati yake na jirani, kuna njia ya maikrowevu ya kuigeuza, kuna ya kusomea jibu. Ukiwa na 12 unahangaika lakini unafika. Ukizidisha hizo nyaya mpaka milioni, jokofu lenyewe linalopoza chipu halina pa kuzipitisha, na kila waya unaoshuka kutoka chumba chenye joto la kawaida unashuka na joto.

Ngoja turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Chukua transista, bana chaji zilizo chini ya geti (sehemu inayoiwasha na kuizima) mpaka ibaki elektroni moja tu. Elektroni hiyo ina usumaku wake mdogo tunaouita spini, ukiiweka kwenye uga wa sumaku spini inakaa juu au chini, au mchanganyiko wa hali zote mbili, na huo mchanganyiko ndo unaotafutwa, spini hiyo ndo kyubiti yetu. Wazo lilitoka mwaka 1998 kwa njia mbili, Loss na DiVincenzo wakaandika kuhusu elektroni zilizofungiwa kwenye vijumba, na Bruce Kane akiwa Sydney akapendekeza kutumia atomi za fosforasi zilizozikwa ndani ya silikoni. Mwaka 2012 watu wa chuo cha UNSW, hukohuko Sydney, wakaendesha kyubiti ya elektroni kwenye atomi moja ya fosforasi, na 2015 wakaunganisha kyubiti mbili za silikoni zikafanya hesabu ya pamoja. Kwahiyo tangu wazo mpaka kyubiti mbili ni miaka 17, usishangae sana na hizo 12 ambazo Intel walizitoa 2023.

Kinachowapa watu moyo ni udogo. Kijumba kimoja ni kama nanomita 50 kwa upana, wakati kyubiti za sapakondakta (metali inayopitisha umeme bila ukinzani), zile za Google na IBM, kila moja inakula sehemu ya milimita. Kwa idadi hao wa sapakondakta wako mbele mbali, IBM walifikisha 1,121 mwaka 2023 na Willow ya Google ya 2024 ina 105 zinazofanya kazi vizuri mno, ila ukiwauliza hao hao wataiweka wapi milioni moja mazungumzo yanakuwa marefu. Mimi naona silikoni inachelewa kwa sababu imechagua ugumu wake mwanzoni, wenzake wataukuta mbele, na haya ni maoni yangu, wapo mabingwa watakaonikatalia.

Sasa kuhusu "silikoni hiyohiyo", hapo kuna kona. Silikoni ya asili ina isotopu tatu, yaani atomi za silikoni zenye uzito tofauti, kama asilimia 92 ni silikoni-28, karibu asilimia 5 ni silikoni-29, inayobaki ni silikoni-30. Ile 29 kiini chake kina usumaku, na elektroni yako iliyokaa katikati ya viini kama hivyo ni sawa na mtu anayetega sikio kwenye redio ya stesheni ya mbali huku jirani kawasha jenereta. Hali ya mchanganyiko inaharibika ndani ya sehemu ndogo tu ya milisekunde. Watafiti wakaisafisha silikoni mpaka ile 29 ikabaki sehemu 800 kwa kila milioni, na 2014 walipata kyubiti inayodumu mpaka milisekunde 28. Unaweza kuona ni kidogo, lakini operesheni moja inachukua maikrosekunde moja hivi au pungufu, kwahiyo unapata nafasi ya operesheni maelfu. Na habari njema kwa kiwanda ni kwamba wefa (sahani ya silikoni inayokatwa chipu) nzima haihitaji kuwa safi hivyo, unapitisha gesi iliyosafishwa unajenga tabaka jembamba juu, mashine ni zilezile.

Tatizo linaloniumiza kichwa mimi kuliko lingine ni kutolingana. Transista ya simu inasamehe sana, ikiwa volteji yake ya kuwakia imepishana kidogo na ya jirani bado sifuri ni sifuri na moja ni moja. Kyubiti haisamehi. Chaji moja iliyonasa kwenye oksaidi, lile tabaka la kuhami juu ya kijumba, kitu ambacho kwenye simu usingekijua maisha yako yote, inatosha kusogeza elektroni na kubadilisha masafa yake, na kelele ya chaji za namna hiyo zinazocheza-cheza ndo inayokula usahihi. Kwahiyo kila kijumba kinatafutiwa volteji zake, cha jirani zake, na ukimgusa mmoja mwingine anahama, mwanafunzi wa uzamivu anakaa anazungusha namba mpaka anachoka, ndo maana siku hizi kazi hiyo wanaisukumia programu ijitafutie yenyewe. Hapa ndipo kiwanda kinaposaidia kweli kweli, sio kwa wingi, ni kwa kurudia kitu kilekile bila kubadilika. Mwaka 2022 Intel na wenzao wa Delft, Uholanzi, walionesha kyubiti zilizotoka kwenye wefa za milimita 300 kwa njia za kawaida za kiwandani, na 2025 kampuni ya Diraq ya Sydney pamoja na kituo cha utafiti cha imec cha Ubelgiji wakaonesha chipu za kiwandani zinazovuka usahihi wa asilimia 99 hata kwenye operesheni za kyubiti mbili. Maabara tatu, Delft, Sydney na RIKEN ya Japani, zilishaivuka 99 tangu Januari 2022, lakini zile zilikuwa chipu za kubembelezwa maabara.

Kwa nini 99? Kwa sababu chini ya hapo ukijaribu kusahihisha makosa, kusahihisha kwenyewe kunaleta makosa mengi kuliko yale yanayoondolewa. Ukishavuka unaanza kufaidika, ila unalipa kwa idadi, kyubiti moja ya kuaminika inatengenezwa kwa mamia mpaka elfu na zaidi za kawaida. Hiyo milioni uliyoitaja haijatoka hewani. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walipiga hesabu kwamba kuvunja RSA ya biti 2048 (usimbaji unaolinda siri za mtandaoni) kunataka kyubiti milioni 20 kwa saa nane, 2025 Gidney akaishusha chini ya milioni moja kwa muda usiozidi wiki. Na kabla hujaniuliza kuhusu pesa za mitandao na benki, Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walishatoa viwango vya usimbaji vinavyohimili kompyuta hizi, kazi iliyobaki ni watu kuhamia, na kuhama ndo kunachukua miaka.

Turudi kwenye nyaya. Dawa inayosubiriwa ni kuhamishia saketi za kuendeshea zikae humohumo karibu na kyubiti, kama ilivyo kwenye prosesa yako. Ukisema hivyo unagongana na joto. Kyubiti nyingi zinakaa kwenye milikelvini 10 mpaka 20 (milikelvini ni sehemu ya elfu ya kelvini, karibu kabisa na baridi ya mwisho), na huko chini jokofu lina uwezo wa kuondoa maikrowati chache tu, saketi yoyote ya kawaida ukiiwasha pale umeshaunguza kila kitu. Njia ya kwanza ni kupandisha kyubiti kidogo, 2020 kundi la Sydney na la Delft, kila moja kivyake, walizifanyisha kazi kwenye kelvini 1.5 na 1.1, bado ni baridi ya kutisha, nyuzi hasi 272 hivi, lakini uwezo wa kupoza pale ni mkubwa mara maelfu. Njia ya pili ni saketi zinazokula umeme kidogo mno, na 2025 watu wa Sydney tena wakaonesha chipu ya kawaida ya CMOS, aina ileile ya kwenye simu, inayoendesha kyubiti ikiwa imekaa nazo kwenye milikelvini bila kuzivuruga. Mimi ukiniuliza ni habari gani kubwa ya miaka hii, siitaji idadi ya kyubiti ya mtu yeyote, nataja hiyo.

Heliamu ya Rukwa, jibu ni ndiyo na hapana. Iliyotangazwa 2016 ni heliamu-4, inazaliwa pale urani na thoriamu zinapokuwa zinaoza taratibu kwa mionzi kwenye miamba ya kale kwa mamilioni ya miaka (urani hiyohiyo ambayo watu walishakuja kuitafuta Bahi na Manyoni). Jokofu la milikelvini linataka mchanganyiko wa heliamu-4 na heliamu-3, na hii ya 3 haichimbwi, sehemu kubwa inatokana na tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) inayooza, na tritiamu ni mambo ya vinu vya nyuklia, bei yake usiulize. Ila kyubiti zikikubali kuishi kwenye kelvini 1.5, heliamu-4 peke yake ukiivuta kwa pampu inakufikisha. Kwahiyo hao wanaopandisha joto la kyubiti wanafanya kazi ambayo na sisi ina faida kwetu, sijui kama wanalijua hilo.

Kuhusu wewe, usiache mawasiliano kukimbilia fizikia. Watu wanaohitajika kwenye hili tatizo la nyaya ni wa masafa ya redio na wa kusanifu saketi za analogi, maikrowevu inayogeuza spini ni gigahezi kadhaa mpaka makumi, ni somo lako hilohilo. Ongezea fizikia ya semikondakta usomee vizuri sio ya kuvukia mtihani, na Python. Qiskit, programu ya kuigiza kompyuta ya kwantamu, ni ya bure, ipakue uicheze kwenye laptopu, lakini elewa mipaka yake: kila kyubiti unayoongeza inazidisha RAM mara mbili, kyubiti 28 zinakula kama GB 4, 30 zinataka 16, kwahiyo ukiwa na mashine ya GB 8 usivuke 28, itaganda na utadhani umekosea kuandika programu.