Maswali na Majibu: Machoni ni sawa, R inakataa

SWALI: Nina fremu mbili za data (majedwali) katika R, lugha ya programu ya takwimu. Moja nimeisoma kutoka faili la CSV kwa read.csv(), nyingine nimeikokotoa mwenyewe. Nikizichapisha sioni tofauti yoyote, lakini identical() inanipa FALSE. Nikitumia == napata rundo la TRUE, na all.equal() ndani ya if wakati mwingine inaangusha programu. Ipi inasema kweli?

JIBU: Zote tatu, ila kila moja imeulizwa swali lake.

Tuanze na identical(), kwa kuwa ndiyo iliyokusumbua. Hii haina huruma: inataka thamani, aina ya data, majina na sifa nyingine zote zilingane. Safu yenye 1, 2, 3 ikisomwa na read.csv() huwa namba kamili, lakini ukiiandika c(1, 2, 3) inakuwa namba ya desimali. Ndiyo maana identical(1L, 1) ni FALSE (L ni alama ya namba kamili). Endesha str(), inayoonyesha aina ya kila safu, kwenye fremu zote mbili. Tunashuku utaona int (namba kamili) upande mmoja na num (desimali) upande wa pili. Zigeuze safu hizo, moja moja, ziwe aina moja kwa as.numeric(), kisha ulinganishe tena.

Kama bado inakataa, angalia majina ya mistari. Ukichuja fremu, mistari iliyobaki hutembea na namba zake za zamani, mathalani 2, 5 na 9, wakati fremu nyingine ina 1, 2 na 3. Amri rownames(a) <- NULL huzipanga upya.

Alama ya == hulinganisha kipengele kimoja kimoja, na kabla ya hapo hubadilisha aina kimyakimya. Hapo ndipo inapoficha mambo. Namba ikikutana na maandishi, namba ndiyo inayogeuzwa maandishi: 1 == "1" ni TRUE, lakini 100000 == "100000" ni FALSE, kwa sababu R huiandika namba hiyo "1e+05", yaani 1 ikifuatiwa na sufuri tano. Vekta (orodha ya thamani) fupi nayo hurudiwa hadi ifikie urefu wa ile ndefu, kwa hiyo all(c(1, 2, 1, 2) == c(1, 2)) inakujibu TRUE bila onyo lolote. Linganisha length() kwanza. Na usiweke == ya vekta nzima ndani ya if: tangu R 4.2.0 ya mwaka 2022 hilo ni kosa linalosimamisha kazi. Zamani ilichukua jibu la kwanza tu na kutoa onyo, jambo ambalo kwa maoni yetu lilikuwa baya zaidi.

Sasa namba zilizotokana na hesabu. 0.1 + 0.2 == 0.3 ni FALSE. R haijakosea: kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu za 0 na 1, na 0.1 haiingii humo kikamilifu, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Jionee kwa print(0.1 + 0.2, digits = 17); utapata 0.30000000000000004. Hapa ndipo all.equal() ina kazi, kwani huvumilia tofauti ndogo, kwa kawaida takribani 1.5e-8, yaani 0.000000015.

Kilichoangusha if yako ni hiki: all.equal() isiporidhika hairudishi FALSE, inarudisha maelezo. all.equal(1, 1.5) hukupa "Mean relative difference: 0.5", na if haijui la kufanya na maandishi hayo. Ifunge kwa isTRUE(), inayotoa TRUE pale tu jibu linapokuwa TRUE, hivi:

if (isTRUE(all.equal(a, b)))

Ukiwa unatafuta hitilafu, iache bila isTRUE() usome inalalamikia nini. Ukitaka ipuuze majina na sifa nyingine, ongeza check.attributes = FALSE.

Tahadhari moja. Uvumilivu huo hupimwa kwa uwiano, si kwa tofauti yenyewe. all.equal(1000000000, 1000000001) ni TRUE! Kwa kipimo cha maabara hakuna neno. Kwa namba za utambulisho ni balaa. Hizo zilinganishe kwa identical(), au zihifadhi kama maandishi tangu mwanzo.

SWALI: Kwa nini x == NA hainipatii nafasi zilizo wazi?

JIBU: Kwa sababu NA maana yake thamani haijulikani, na kisichojulikana hakiwezi kusemwa ni sawa na kingine; hata NA == NA ni NA. Tumia is.na(x). Jambo hilohilo huharibu uchujaji: d[d$x == 3, ] huleta mistari iliyojaa NA kila x inapokosekana. Andika d[which(d$x == 3), ] au d[d$x %in% 3, ].